Kwa nini waigizaji waliocheza uzee hawazeeki machoni petu, na waliocheza ujana wanazeeka kwa mara moja?

#1 Mwana wa Loleza (Mbeya)
Habari za jioni, wakuu.

Nimekuwa nikitazama vipindi vya waigizaji wa tamthilia za zamani wanaokutanishwa tena baada ya miaka mingi, wakaketi kwenye makochi yale yale na kukumbushana vipande walivyocheza, na kuna jambo ambalo limejirudia mno hata nimeona nililete hapa. Waliocheza vijana na wapenzi wakirudi, mtazamaji hushtuka na kusema wamezeeka. Waliocheza baba wa familia, mama mkwe au mzee wa ukoo wakirudi, tunawaona ni wale wale, kana kwamba miaka 20 imepita bila kuwagusa.

Chukueni tamthilia ya Marekani iitwayo Friends. Ilianza Septemba 1994 na kwisha Mei 2004. Waigizaji wake sita walikutana tena katika kipindi kilichoonyeshwa tarehe 27 Mei 2021, na nilipokitazama hapa mtaani Soweto, Mbeya, pamoja na wadogo zangu, neno la kwanza la kila mmoja wao lilikuwa "wamechakaa". Wakati huo mdogo kuliko wote kati ya wale sita alikuwa na miaka 51 na mkubwa wao 57, umri ambao hapa kwetu mtu ndiyo kwanza anachukua fomu ya kugombea udiwani. Kwa upande mwingine, marehemu King Majuto nilimfahamu akiwa mzee, na alipofariki Agosti 2018 kwangu alikuwa bado ni mzee yule yule aliyenichekesha utotoni.

Mimi naona uzee wa mwigizaji haumo usoni mwake tu, bali umo pia katika nafasi aliyokuwa nayo siku ya kwanza tulipomwona. Aliyeingia akiwa kijana ana kitu cha kupoteza mbele yetu. Aliyeingia akiwa mzee hana. Nani ana maelezo bora kuliko haya?

#2 Kalenga Damu (Iringa)
Kamwene.

Maelezo ni mepesi kuliko unavyodhani. Televisheni ilianza nchini mwaka 1994 kupitia ITV, na wengi wetu hapa tulikuwa watoto wakati huo, tukikaa sakafuni kwa jirani mwenye chogo, zile televisheni za zamani zenye kisogo, pale Mlandege. Mtoto wa miaka minane hatofautishi mtu wa miaka 35 na mtu wa miaka 60. Kwake wote ni watu wazima. Yule unayemwita mzee huenda alikuwa na miaka 40 tu, na leo ndiyo anaufikia umri uliompa wewe tangu mwanzo. Hakubaki palepale. Wewe ndiye uliyemzeesha mapema.

#3 Mpemba wa Makambako
Shukrani kwa mada.

Kalenga Damu, naomba nirekebishe tarehe. Televisheni nchini haikuanza mwaka 1994. Televisheni Zanzibar ilianza kurusha matangazo mwaka 1973, tena ya rangi, ikiwa ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 1994 ni wa ITV huku Bara, na televisheni ya taifa, TVT, ikafuata mwaka 2000.

Sijaleta tarehe hizi ili kushindana, bali kwa kuwa zinagusa hoja yako. Kaka yangu mkubwa alizitazama tamthilia za miaka ya 1990 akiwa tayari ni mtu mzima mwenye watoto wake, na alipowaona waigizaji wale wakikutana tena alishtuka kuliko mimi niliyekuwa mdogo. Kama sababu ni macho ya mtoto, yeye alishtushwa na nini?

#4 Kijana wa Tunduma
Naona mnatafuta mbali. Sababu ni kamera. Tamthilia zote za wakati ule zilirekodiwa kwenye kanda za video ambazo picha yake ilikuwa na ukungu, nasi tukazitazama kwenye chogo la inchi 14 lililokuwa likionyesha chenga nusu ya muda. Kunyanzi hazikuonekana hata kama zilikuwepo. Leo mtu yule yule anapigwa picha kwa kamera inayoonyesha kila kinyweleo, tena anatazamwa kwenye kioo kikubwa kuliko dirisha la chumba changu. Nadhani hatukuwahi kuziona nyuso zao halisi mpaka walipokutana tena.

#5 Fundi Deki (Mafinga)
Nimefanya kazi ya kutengeneza televisheni na deki kwa miaka mingi, kwa hiyo hapa naomba nafasi kidogo.

Kijana wa Tunduma amegusa jambo la kweli, lakini si tamthilia zote zilirekodiwa kwenye kanda za video. Friends, ambayo ndiyo mfano wa mtoa mada, ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, na ndiyo maana baadaye waliweza kurudi kwenye filamu ile ile na kutoa picha kali ya kisasa. Tamthilia kama The Golden Girls ilirekodiwa kwa video, na video ya wakati ule ina kikomo chake: mfumo wa televisheni wa Marekani ulikuwa na mistari 525 ya mlalo, huu wetu wa PAL mistari 625, na katika hiyo ni 576 tu inayobeba picha. Huwezi kutoa humo kunyanzi ambayo haikuingia. Kama ukungu wa picha ndio unaotudanganya, basi Friends isingetushtua hata kidogo, kwa sababu marudio yake tumeyaona yakiwa safi.

Hata hivyo sitamnyima Kijana haki yake. Mwaka 2013 mitambo ya analogi ilipozimwa kwa upande wa Mbeya na watu wakalazimika kununua ving'amuzi, nilikuwa nikienda kufunga antena nyumba kwa nyumba, na zaidi ya mteja mmoja aliniuliza kwa nini watangazaji wa taarifa ya habari wamezeeka. Walikuwa wale wale wa wiki iliyotangulia. Kilichobadilika ni kwamba chenga zilikuwa zimeondoka.

#6 Dada wa Gangilonga (Iringa)
Naunga mkono hoja ya #1 kwa mfano mwingine. Mnamo Novemba 2020 waigizaji wa The Fresh Prince of Bel-Air walikutana tena, miaka 30 tangu tamthilia ile ianze. Will Smith, ambaye tulimjua kijana mrefu mwenye kofia ya pembeni, alikuwa amekuwa mtu mzima mwenye ndevu. James Avery, aliyecheza Uncle Phil, mlezi wake mchezoni, hakuwepo kwa kuwa alifariki Desemba 2013. Walipoonyesha picha zake za zamani, wote pale walilia, nami nililia. Ninachosema ni kwamba yule alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60 wakati wa tamthilia, na kama angekuwa hai nina hakika tungemwona hajabadilika.

#7 Mwalimu Mstaafu (Tukuyu)
Dada wa Gangilonga, hapo kwenye miaka 60 tusimame kwanza, maana ndipo penye kiini cha mada nzima.

James Avery alizaliwa Novemba 1945. Tamthilia ilipoanza Septemba 1990 alikuwa na miaka 44, na ilipokwisha Mei 1996 alikuwa na miaka 50. Will Smith alizaliwa Septemba 1968, kwa hiyo kile kipindi cha kukutana tena kilipoonyeshwa alikuwa ametimiza miaka 52. Maana yake ni kwamba yule kijana aliyelelewa, siku aliyorudi kuketi kwenye ile sebule, alikuwa amempita umri mlezi wake kama alivyokuwa siku ya mwisho ya tamthilia. Hatukuliona hilo, kwa sababu tulishawapanga kichwani, mmoja baba na mwingine mtoto, na mpangilio huo haujui kuhesabu miaka.

Aliyetaja The Golden Girls amenikumbusha jambo lililo kali zaidi. Mle ndani Estelle Getty alicheza mama mzazi wa Bea Arthur. Bea Arthur alizaliwa Mei 1922 na Estelle Getty alizaliwa Julai 1923. "Mama" alikuwa mdogo kuliko "binti" kwa mwaka na zaidi, na watazamaji wa dunia nzima walikubali, kwa nywele nyeupe za bandia, miwani, kibegi cha mkononi na namna ya kutembea. Kwa hiyo tunapouliza nani amezeeka, huenda tunawauliza waliompaka rangi.

#8 Mwana wa Loleza (Mbeya)
Mwalimu, shikamoo na asante. Hesabu hiyo ya miaka 50 na 52 imenifanya nisimamishe kazi niliyokuwa nikifanya. Bado lakini inaiacha wazi nusu ya swali langu. Ikiwa wazee wale hawakuwa wazee, kwa nini walipoufikia uzee wa kweli hatukuona tofauti? Rangi haiwezi kukaa usoni miaka 20.

#9 Nesi wa Rungwe
Mwana wa Loleza, nijaribu kwa upande wa mwili. Uso hauzeeki kwa mwendo ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Kati ya miaka 25 na 55 hubadilika mambo makubwa yanayoonekana kwa mbali: mafuta yaliyojaza mashavu hupungua na kushuka, ngozi hupoteza ule uwezo wake wa kujirudi ikivutwa, chembe zinazoipa nywele rangi huchoka, hata mfupa wa taya hupungua, hasa meno yakishang'oka. Mtu ambaye mabadiliko hayo yameshapita, au ambaye tangu mwanzo alikuwa na upara, mwili mnene na mvi, hana mengi mapya ya kutuonyesha. Kwa hiyo waigizaji wanaopewa nafasi za wazee wakiwa na miaka 40 mara nyingi ni wale ambao sura zao zilitangulia. Wamelipa mapema.

Niongeze kwamba jua lina mchango mkubwa. Mionzi inayoharibu ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na mji wa Mbeya uko kwenye mita zipatazo 1,700. Watu wetu hudhani kwa kuwa kuna baridi basi jua halichomi. Ninawaona wakulima wa viazi wenye miaka 40 ambao ngozi ya shingo zao ni ya miaka 60.

Kuna upande wa pili usiotajwa kabisa, nao ni wa mtazamaji. Kuanzia miaka ya 40 lenzi ya jicho hukakamaa na mtu huanza kusogeza gazeti mbali. Anayemhukumu mwigizaji kwamba amezeeka, mara nyingi anamtazama kwa jicho ambalo nalo si lile la mwaka 1994.

#10 Kijana wa Tunduma
Nesi, kwa maelezo yako watu wa Njombe, walio karibu na mita 2,000, wasipewe nafasi za vijana kwenye filamu kabisa. Nawapa pole mapema.

#11 Bibi wa Maigizo (Njombe)
Pole nimeipokea, mwanangu, na kwa kuwa umetutaja, nitasema nami.

Nilikuwa upande wa pili wa kioo, ingawa kioo chetu kilikuwa kidogo. Miaka ya 1990 nilikuwa katika kikundi cha sanaa kilichozunguka vijiji vya Njombe, Ludewa na Makete tukiigiza michezo ya elimu juu ya UKIMWI, wakati ambapo kila kijiji kilikuwa kinazika. Mchezo mmoja ulirekodiwa, ukazunguka kwenye mabanda ya video, na kipande chake kikaonyeshwa kwenye televisheni. Nilikuwa na miaka 23, na kwa kuwa nilikuwa mfupi mwenye sauti nzito nilipewa nafasi ya bibi. Nilimwagiwa unga kichwani, nikachorwa mistari ya mkaa kwenye paji la uso, nikafungwa khanga kiunoni na kupewa fimbo. Mpaka leo nikipita sokoni wapo wanaoniita Bibi, na walianza kuniita hivyo kabla sijapata hata mtoto.

Tuliobaki tulikutana hivi karibuni, siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi la aliyekuwa kiongozi wetu. Jioni vijana wa familia wakatuomba tucheze angalau kipande kimoja. Tukakubali, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sijalisikia katika uzi huu.

Nilipomcheza bibi nikiwa na miaka 23 nilipinda mgongo hadi nikaumwa, nilitetemesha mkono, nilikohoa kila baada ya sentensi mbili, kwa sababu niliamini uzee ni jambo ambalo mtu hulionyesha. Sasa magoti yananiuma kweli, na nilipoinuka mbele ya vijana wale mwili wangu ulifanya kinyume: ulijinyoosha. Mzee halisi hutumia nguvu zake zote ili asionekane kwamba kuinuka kumemshinda. Huweka mkono mezani kana kwamba anafuta vumbi, kumbe anajishikilia. Husimama mlangoni kusalimia watu kwa kirefu, kumbe anavuta pumzi. Kama ningeyajua haya wakati ule ningemcheza bibi vizuri sana, lakini nilipoyajua hakukuwa tena na mchezo.

Mwenzetu aliyekuwa akicheza mchumba, kijana mtanashati wa wakati ule, aliomba safari hii apewe nafasi ya baba. Tukampa. Lakini maneno ya baba hakuwa nayo kichwani. Yaliyokuwemo ni yale yake ya zamani, yaliyokaa humo miaka yote bila kuguswa. Basi katikati ya mchezo, mtu mwenye upara na binti zake wakiwa wanamtazama, akamgeukia mwenzetu ambaye sasa ana wajukuu na kumwambia amsubiri mpaka amalize kidato cha nne. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na yeye akacheka pamoja nao, kisha akamaliza maneno yote mpaka mwisho bila kukosea hata moja.

Sasa nirudi kwa mtoa mada. Umesema aliyeingia akiwa mzee hana cha kupoteza mbele yenu. Mimi nimepoteza. Kila anayeniona huniambia sijabadilika, nami najua ni kiasi gani nimebadilika, na kwa kuwa mnaona nimekuwa hivi siku zote, hakuna anayenipa pole. Yule mchumba wetu watu walimshika mikono wakamwambia miaka imekwenda kasi. Mimi niliambiwa niwaletee fimbo.

#12 Mwalimu Mstaafu (Tukuyu)
Mama, ndaga fijo. Nimeusoma mchango wako mara mbili na nitaurudia. Nina swali moja tu: kuanza kuitwa Bibi mapema hivyo kulikusaidia au kulikudhuru ulipofikia uzee wenyewe? Nauliza kwa sababu mimi niliitwa "Mzee" na wanafunzi tangu nikiwa na miaka 30, na naamini kulinipunguzia hofu.

#13 Bibi wa Maigizo (Njombe)
Mwalimu, kuna siku kulisaidia na kuna siku kulinidhuru. Kulinipa heshima kabla ya wakati wake, lakini hakuna mtu aliyenichumbia sokoni.

#14 Kalenga Damu (Iringa)
Naomba nilete jambo ambalo tunalizunguka bila kulitaja, nalo ni fedha. Wale sita wa Friends, katika misimu miwili ya mwisho, kila mmoja alilipwa dola milioni moja kwa kila sehemu, na marudio yanayoendelea kuonyeshwa duniani yanaendelea kuwalipa. Mtu wa namna hiyo ana daktari wa ngozi, ana usingizi na ana chakula cha kuchagua. Waigizaji wetu wa tamthilia za mwanzo walilipwa mara moja, kama walilipwa, na kanda zikabaki za mwenye kituo. Mkataba wa kimataifa wa Beijing unaohusu haki za waigizaji katika kazi za picha na sauti ulipitishwa mwaka 2012 na kuanza kutumika mwaka 2020, wakati wengi wa kizazi kile walikuwa wameshazeeka au wameshafariki. Mwigizaji aliyetoka mwenye nguo nzuri mwaka 2001 akarudi mwaka 2021 akiwa amechoka, tusiseme ni umri. Ni maisha.

#15 Dada wa Gangilonga (Iringa)
Kalenga Damu, unasema kweli kuhusu haki, na ninaumia ninapofikiri ni wangapi waliotuchekesha kila jioni wakafa wakichangiwa matibabu. Lakini kwa swali la #1 hoja yako inajipinga. Hao wenye dola milioni moja kwa kila sehemu ndio hasa ambao wadogo zake mtoa mada waliwaita waliochakaa. Fedha zao zote hazikuwaokoa na neno hilo. Matthew Perry alifariki Oktoba 2023 akiwa na miaka 54, miaka miwili na miezi kadhaa tu baada ya kipindi kile, na nikikitazama sasa siwezi tena kuziona nyuso zao kwa jicho lile la kwanza.

#16 Msafiri wa Kyela
Nilisoma Moshi zamani, na kule tulikuwa tukinasa matangazo ya KBC ya Kenya, hivyo nilikua nikitazama mchezo wa vichekesho uitwao Vitimbi. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, ndiye aliyekuwa Mzee Ojwang'. Alikuwa Mkikuyu aliyemcheza mzee wa Kijaluo, lafudhi na yote, na wengi walimjua kwa jina la mchezo kuliko lake. Yeye na mwigizaji mwenzake, Mama Kayai, tuliwaona mwaka baada ya mwaka bila kukatika. Sikuwahi kushtuka kwa sababu hakuondoka nikapata nafasi ya kumsahau.

Kwa hiyo mimi nasema tofauti haiko kati ya wazee na vijana. Iko kati ya waliokaa machoni petu na waliotoweka. Waliocheza vijana ndio hutoweka, kwa kuwa mchezo wa mapenzi ukiisha hakuna anayewahitaji. Waliocheza wazee hupata kazi mpaka siku ya mwisho, kwa maana kila mchezo unahitaji mzee.

#17 Mpemba wa Makambako
Msafiri wa Kyela amelifikia jambo nililokuwa nalitafuta. Kumbukeni Isidingo ya Afrika Kusini tuliyoitazama ITV. Kule kwao ilianza mwaka 1998 na kwisha mwaka 2020. Robert Whitehead, aliyemcheza Barker Haines, alizeeka mbele ya watazamaji wake jioni kwa jioni, na sikumbuki mtu aliyewahi kusema Barker amezeeka. Walichosema ni kwamba amezidi ubaya. Kaka yangu niliyemtaja kwenye #3 alishtuka kwa sababu wale aliowaona tena walikuwa wamepotea kwa miaka 15 na zaidi. Hakuwa mtoto, ila alikuwa hajawaona.

#18 Mwana wa Loleza (Mbeya)
Hoja ya kutoweka ni nzito na inaidhoofisha yangu, lakini haielezi habari ya waliofariki. Mwigizaji Steven Kanumba alitoka kikundi cha maigizo cha Kaole, alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28, na hakuna aliyetoweka kuliko yeye. Nikiwaona leo wenzake wa Kaole, kina Ray na Johari, mara moja najikuta nikihesabu angekuwa na umri gani, na uso ninaomwekea ni ule ule wa miaka 28. Nao bila shaka wanapokutana wanahesabu hivyo hivyo. Pengine kinachotushtua kwa walio hai ni kuwapima na aliyebaki kijana.

#19 Nesi wa Rungwe
Hilo la #18 naliona kila siku kwa familia zinazoleta picha ya marehemu wa zamani. Mjane mwenye miaka 70 anamwonyesha mjukuu picha ya mume mwenye miaka 30, na mtoto anauliza kama huyu ni baba mdogo. Sina neno la kitabibu la kuongeza hapo.

#20 Bibi wa Maigizo (Njombe)
Fundi wa Mafinga, nina kanda moja ya VHS ya mchezo wetu, ambayo imekaa kabatini miaka yote, na ndani yake naona vitu vyeupe kama unga. Je, niiweke tu kwenye deki ya jirani nione kama inaonyesha?

#21 Fundi Deki (Mafinga)
Mama, nakuomba sana usiiweke. Huo weupe ni kuvu, na baridi yenye unyevu ya huku kwetu ndiyo inayoulea. Ukiicheza hivyo, kuvu itaingia kwenye kichwa cha deki, itachubua utepe, na kanda nyingine yoyote itakayofuata humo itaambukizwa. Iweke wima mahali pakavu, isiwe jikoni wala karibu na jiko la mkaa, wala usiianike juani. Nitaifungua, nitausafisha utepe taratibu na kuihamishia kwenye kompyuta mara moja tu, kwa sababu huenda isivumilie kuchezwa mara ya pili. Sitakutoza kitu. Ninachoomba ni ruhusa ya kuitazama.

#22 Kijana wa Tunduma
Fundi, naomba usiisafishe picha kwa programu yoyote. Iache na ukungu wake, kwa sababu kanda hiyo inaweza kuamua ubishi huu. Tuwaonyeshe watu ambao hawajawahi kumwona Bibi, tuwaulize ana miaka mingapi. Wakisema 60, basi unga na mkaa vimetosha kwenye picha hafifu, na hoja yangu imesimama.

#23 Mwalimu Mstaafu (Tukuyu)
Nakubali jaribio hilo, na nipo tayari kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha pili katika shule iliyo jirani nami, ikiwa mwenyewe ataridhia. Waulizwe pia umri wa yule mchumba.

#24 Mpemba wa Makambako
Mwalimu, ukiwauliza watoto peke yao utakuwa umempa Kalenga Damu ushindi wa bure, kwa kuwa watoto watasema wote ni wazee. Watu wa miaka 60 nao waulizwe, tena kando na watoto, ili kundi moja lisisikie majibu ya jingine.

#25 Bibi wa Maigizo (Njombe)
Nimeridhia. Kanda nitaituma kwa basi la Ijumaa, na Fundi anijulishe ikifika. Ila Msafiri wa Kyela ajue kwamba sikubaliani naye hata kidogo anaposema waliocheza wazee hupata kazi mpaka siku ya mwisho. Tangu niwe bibi wa kweli hakuna aliyeniita kucheza. Wanachukua wasichana wa miaka 23 na kuwamwagia unga.

#26 Msafiri wa Kyela
Mama, hilo naomba tulijadili, maana Mzee Ojwang' na Majuto walifanya kazi hadi uzeeni. Au jambo hili ni tofauti kwa wanawake? Nani ana mifano?